Mbwa Wako Ale Kiasi Gani?

Mahindi yanapokomaa kwenye ngoro zetu hapa Mbuji, nyani huja mchana na nguruwe mwitu huja usiku. Mbwa hutusaidia kuwafukuza. Lakini wengi wetu humpa mbwa makombo tu. Siku makombo yakikosekana, mbwa huenda kwa jirani. Huko hula mayai na vifaranga. Ndipo ugomvi huanza. Je, kosa ni la mbwa?

Ndugu mkulima, chakula cha mbwa kinaweza kuhesabiwa.

Kwanza, mpime. Panda juu ya mizani peke yako. Kisha panda tena ukiwa umembeba mbwa. Toa uzito wako, utakaobaki ni wa mbwa. Tuseme ni kilo 15.

Pili, fanya hesabu. Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Zidisha kilo za mbwa kwa 30, kisha ongeza 70.

15 × 30 = 450
450 + 70 = 520

Kalori 520 ni za mbwa aliyelala tu. Mbwa anayelinda shamba huhitaji kama mara mbili, yaani kalori 1,040.

Tatu, pima chakula. Robo kilo ya unga wa mahindi ina kalori kama 900. Gramu 50 za usipa mkavu zina kama 150. Jumla ni 1,050. Zinatosha. Pima unga kabla ya kupika, maana ugali una maji mengi. Usiache usipa, kwani hujenga mwili. Gawa chakula mara mbili, asubuhi na jioni, na mpe maji safi. Mbwa anayenyonyesha huhitaji zaidi sana. Unga wenye ukungu usimpe, una sumu.

Baada ya wiki chache, pitisha mkono ubavuni mwake. Mbavu ziguswe kwa urahisi, lakini zisitokeze. Zikitokeza, ongeza chakula. Zisipoguswa, punguza.

Sasa tazama ghala lako. Robo kilo kila siku ni kilo 91 kwa mwaka. Hilo ni karibu gunia zima la kilo 100. Mbwa watatu watakula karibu magunia matatu. Je, unayo?

Kama huna, fuga mbwa mmoja. Mbwa mmoja aliyeshiba hulinda shamba. Watatu wenye njaa humaliza kuku wa kijiji.