Je, Wajua? Dhahabu na Waliopotea

Je, wajua kwamba wakimbizi wengi wa Nakivale wametoka nchi za dhahabu? Kambi hiyo ya wilaya ya Isingiro, kusini mwa Mbarara, Uganda, ilianzishwa 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo kundi kubwa zaidi ni Wakongomani, wakiwemo watu wa Kivu na Ituri.

Je, wajua kwamba dhahabu ya Ituri iligunduliwa 1903, karibu na Kilo, na Waaustralia wawili? Migodi ya Kilo-Moto ikajengwa kwa kazi ya shuruti. Kakamega, Kenya, dhahabu ilipatikana 1931. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilibadili sheria yake yenyewe ya 1930 ili iwanyang'anye wenyeji mashamba bila kuwapa mengine.

Je, wajua kwamba enzi hizohizo zilijaa habari za wazimamoto? Kampala na Nairobi watu walisimulia kwamba wanaume wa magari ya serikali huteka wapita njia usiku, huwafungia mashimoni na kuwanyonya damu. Katanga, Kongo, kwenye migodi ya shaba, watekaji waliitwa batumbula, na waliotekwa ilisemekana hugeuzwa nguruwe. Mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi haya katika kitabu chake cha 2000. Hakuwacheka wasimulizi, na alifanya vyema: mtu aliyeona jirani akichukuliwa kwenda kazini asirudi alikuwa na haki ya kuuliza damu yake imekwenda wapi. Imani ilikuwa nzito hivi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 mtu mmoja alijaribu kumuuza mwenzake kwa zimamoto wa Kampala. Alifungwa miaka mitatu.

Je, wajua kwamba kwa Waluo wa Kenya fedha za dhahabu ni fedha chungu? Ukizinunulia ng'ombe wa mahari bila kuzitakasa, yasemekana bibi harusi hufa.

Je, wajua kwamba machimbo mengi ya mashariki mwa Kongo humkataza mwanamke kushuka shimoni, ati dhahabu itakimbia? Mwiko huu unaniudhi. Kule Kamituga, Kivu Kusini, wanawake wanaotwanga mawe kutafuta chembe zilizobaki huitwa mama twangaise. Jasho lao dhahabu hailikimbii, ila ujira wao ni mdogo.

Je, wajua kwamba Mbarara nayo ina dhahabu jirani? Iko Buhweju, kaskazini-magharibi, iliyokuwa ufalme mdogo hadi mkataba wa kikoloni wa 1901 ulipouunganisha na ufalme wa Ankole. Wachimbaji wadogo wangali wanaichimba.

Je, wajua kwamba wazee wa Ankole hiyohiyo hawakuhitaji maandishi kutunza tarehe? Walisimulia kwamba Olimi, mfalme wa Bunyoro, alikuwa akiondoka na ng'ombe alioteka ndipo jua likazimika mchana kweupe pale Biharwe, kando ya barabara ya Mbarara–Masaka. Jeshi likatimua mbio na kuacha mifugo. Wenyeji wakasema ng'ombe wameshushwa kutoka mbinguni. Hesabu za wanafalaki zinaonyesha kupatwa kwa jua tarehe 17 Aprili 1520, na leo mnara wa kumbukumbu umesimama hapo.