Selimundu haitoki kwa mama peke yake

Baba mzima, mama mzima, lakini mtoto hajatimiza hata mwaka anavimba vidole vya mikono na miguu, akiguswa analia. Akipimwa inaonekana ni selimundu, na hapo maneno yanaanza: ukoo wetu hauna ugonjwa huo, kautoa kwa mama yake.

Wanamwonea. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayoongoza utengenezaji wa himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni kwenye chembe nyekundu za damu. Moja hutoka kwa baba, nyingine kwa mama. Nakala ya kawaida huitwa A, yenye hitilafu S. Mwenye AS kwa kawaida haumwi, ndiyo maana hajijui. Mwenye SS, ambaye lazima awe amepokea S pande zote mbili, ndiye mgonjwa: chembe zake hupinda, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Tena hazidumu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, yake huvunjika ndani ya siku 10 hadi 20, ndipo damu inapungua na macho kuwa ya manjano.

Wazazi wote wawili wakiwa AS, uwezekano wa kupata mtoto wa SS ni robo. Robo hii inawachanganya wengi. Wapo wanaodhani kwamba wa kwanza akiwa mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Kila mimba ni kurusha shilingi upya, na shilingi haikumbuki ilivyoanguka jana.

Kwa nini S haijatoweka? Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu nchini humo akakuta AS wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, wachache mno nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: AS humkinga mtoto na malaria kali. Kinga hiyo haimsaidii mwenye SS. Yeye malaria humwangusha vibaya, na chandarua kwake ni lazima.

Wachumba wanaokwenda kupima wasiridhike na jibu la “huna selimundu”. Waulize kama ni AA au AS. Wala wasichanganye na kundi la damu, maana mwenye kundi O naye anaweza kuwa AS.