Sikukuu ya Somo wa Kitui

Kila tarehe 30 Aprili ni sikukuu ya Bikira Maria, Mama wa Afrika. Huyu ndiye somo wa kanisa kuu la Kikatoliki mjini Kitui, makao ya jimbo lililoundwa mwaka 1964. Darasani mwetu sikukuu hii iliwahi kuzua ubishi mkali. Mwenzetu mmoja alisema ati Wakatoliki huabudu sanamu. Hebu tulichambue jambo hili polepole.

Kwanza, somo ni nani? Ni mtu mwenye jina moja nawe. Sisi Wakamba hatuhitaji kufunzwa hayo, kwani mtoto hupewa jina la babu au nyanya yake, na jina hilo humletea heshima. Vivyo hivyo kanisa hupewa jina la mtakatifu. Anayeabudiwa ni Mungu peke yake. Somo huombwa atuombee, basi.

Pili, jina hili lilitoka wapi? Lilitoka mbali, Algiers, mji mkuu wa Algeria. Kuna kanisa kilimani lenye sanamu nyeusi ya shaba ya Maria, iliyovishwa taji tarehe 30 Aprili 1876. Sasa sikilizeni: ukutani mle kanisani yameandikwa maneno ya kumsihi Maria atuombee sisi na Waislamu pia!

Tatu, sikukuu ya somo husherehekewaje? Waumini hutangulia kusali novena, yaani sala za siku tisa. Siku yenyewe kuna Misa, kwaya na vigelegele. Wakati wa matoleo akina mama huja wakicheza, vyondo vimejaa ndengu, mbaazi na kunde. Mwingine huvuta mbuzi. Sehemu yetu hii ni ya ukame, kwa hiyo anayetoa kibaba cha ndengu ametoa kitu. Baadaye watu hula pamoja. Hata Makueni, ambako Jimbo la Wote liliundwa mwaka 2023, kila parokia ina somo wake.

Je, ule ubishi uliishaje? Nilipoeleza habari za ukuta wa Algiers, rafiki yangu Mwislamu ninayeketi naye dawati moja alicheka, akasema, "Kumbe nami nimo!" Tangu siku hiyo hatujagombana tena juu ya dini. Tumebaki kugombania rula tu.

Wenzangu, kabla ya kuicheka sikukuu ya mwenzako, muulize kwanza maana yake. Kuuliza si ujinga.