Doa la Kijivu juu ya Sementi

Mtu apitaye katika nchi ya chai, Kericho na Bomet, akitazama kwa karibu kuta za zamani, madaraja na mawe ya makaburi, ataona madoa ya kijivu, meusi au ya rangi ya machungwa, mengine madogo kama kichwa cha pini. Wengi wetu huyaita uchafu, tukayasugua kwa burashi ya chuma. Kumbe twaua kitu ambacho pengine hakikui hata milimita mbili kwa mwaka!

Madoa hayo ni kuvumwani, viumbe viwili vilivyofanyika kitu kimoja: kuvu ijengayo nyumba, na mwani mdogo mno upikao chakula kwa nuru ya jua. Mswisi Simon Schwendener alipolieleza jambo hili miaka ya 1860, wataalamu wengi walilikataa.

Sasa, miamba ya Kericho ni ya volkano. Mawe ya chokaa huchimbwa Koru, upande wa Muhoroni. Basi kuvumwani ipendayo chokaa yatafuta nini huku? Yatafuta sementi, ambayo hutengenezwa kwa mawe ya chokaa. Mwashi alipojenga ukuta wake, alimjengea mgeni huyu makao pia.

Kwa hiyo atakaye kuitambua na aanze na jiwe. Tone la maji ya limau, kando ya doa, likitoa povu, pana chokaa. Kisha atazame kwa kioo cha kukuzia. Vitone vyeusi vilivyozama jiweni kama matundu ya sindano huenda vikawa vya jamii ya Verrucaria. Yenye rangi ya machungwa hutiwa tone la maji ya potasi kali, na mara nyingi hugeuka zambarau papo hapo. Dawa hiyo huunguza ngozi, watoto wasiiguse.

Lakini jina kamili hutaka hadubini, ili mbegu zake za vumbi zionekane na kupimwa. Tena kitabu kikubwa cha Afrika Mashariki, walichotoa Swinscow na Hildur Krog mwaka 1988, chahusu kuvumwani kubwa tu; hizi za ukoko hazimo. Ndiyo maana kipande kidogo cha Bomet, kilichoandikwa mahali, tarehe na aina ya jiwe, chaweza kuwafaa watunzaji wa mimea mikavu katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Hakibanduki kwa ukucha. Hukatwa kwa patasi pamoja na jiwe lake. Kaburi la mtu lisiguswe: hapo ni kutazama tu.