Bibi aliiona mechi yote, mimi nikaona nusu!

Kuna vijana wa mjini ambao wakisikia neno bibi, picha wanayoipata ni ya kikongwe kaketi kibarazani, kajitanda kanga, anasubiri wajukuu wamletee sukari. Bibi yangu mimi hakuwa na muda huo. Ukimkuta kibarazani, ujue redio iko mapajani na Simba inacheza.

Alikaa Morogoro, juu kidogo ya mji, pale barabara inapoanza kuukwea Mlima Uluguru na pikipiki inaanza kulia. Mtaani walimwita Bibi Mpira, naye aliitika kiroho safi.

Kasheshe ni kwamba babu alikuwa Yanga. Nyumba moja, chungu kimoja, Simba na Yanga! Mama hupenda kusimulia ile siku ya mwaka 1977 Simba ilipoichapa Yanga mabao 6-0, Abdallah Kibadeni akitupia matatu peke yake. Bibi alipika pilau, akampakulia babu vipande sita vya nyama, akavihesabu kwa sauti, kimoja kimoja. Babu akala vyote, akanawa, ndipo akauliza: "Na zile tano za 1968 ulizipika lini?" Mwaka huo Simba, wakati huo ikiitwa Sunderland, ilikuwa imelala 5-0 kwa Yanga. Bibi hakuwa na jibu. Deni hilo lilimkaa rohoni miaka mingi.

Msifikiri mpira wake ulikuwa wa redioni tu. Likizo tukijazana kwake wajukuu kutoka Dar, jioni alikaza kanga kiunoni na kuingia kati kucheza rede. Huku anakwepa mpira wetu wa soksi, huku anajaza mchanga kwenye chupa, na miaka sitini alishaiacha nyuma! Majirani walipiga kelele: "Mama we, utavunjika kiuno!" Naye akawajibu bila kugeuka: "Sasa nakitunza nimwachie nani?"

Mwaka 1993 nilikuwa nakaa kwake. Ndio ule mwaka Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka sare ya 0-0 kule Abidjan na Stella. Kazi ilibaki kumalizia nyumbani. Siku ya mchezo wa marudiano tulianika betri za redio juani tangu asubuhi, zisije zikatuangusha. Betri hazikutuangusha, tuliangushwa na Simba. 2-0, Dar es Salaam, mbele ya watu wetu! Nililia mpaka nikalala na njaa.

Alfajiri Bibi akanivuta shuka. "Amka, mume wangu. Aliyefungwa hakai ndani." Si mnajua bibi na mjukuu wake wa kiume, ni mke na mume kwa utani. Tukaukwea mlima kwa miguu, umande unatulowesha, mpaka kwenye kijito chini ya mkuyu mkubwa. Alikuwa mkali sana kuhusu mkuyu ule. Mtu asiuguse hata kwa kisu, maana palipo na mkuyu, alisema, maji hayako mbali. Akanionyesha chozi, yule ndege mdogo wa kwenye maua, ambaye yeye alimwita "winga" kwa jinsi anavyochomoka. Mpaka leo nikisoma kwamba kuna chozi wa aina moja asiyepatikana popote duniani ila milima ya Uluguru, namkumbuka winga wa Bibi.

Tulipokunywa maji akaniambia, "Haya yanashuka kwenda kwenu Dar." Nikadhani ananipoza. Kumbe kweli bwana! Mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar. Wewe unayepiga mswaki Sinza asubuhi, ujue mlima wa bibi yangu uko mdomoni mwako. Nilirudi nyumbani nimeshaisahau Stella.

Miaka ikaenda. Babu akafariki, mimi nikapata kazi Dar. Mei 2012 Simba ikaifunga Yanga 5-0 na kubeba ubingwa. Kesho yake Bibi akajikongoja hadi kaburini kwa babu, akasema, "Mzee, lile deni la 1968 tumelipa." Aliporudi akapanda mche wa mparachichi nyuma ya nyumba, kisha akanipigia simu. "Mume wangu, kabla sijamfuata babu yako, nipeleke Taifa nikaone kwa macho. Miaka yote hii nimeona kwa masikio tu."

Nikaahidi. Oktoba 20, 2013 ikawekwa mechi ya watani, Jumapili. Bibi akaanza kuuliza habari za basi. Nikamwambia, "Safari ijayo, Bibi, siku hiyo watu watakusukuma."

Ngoja niseme ukweli, maana nimeuficha siku nyingi. Sikuogopa asukumwe. Nilikuwa naenda na washikaji, na kati yao alikuwepo dada mmoja niliyekuwa namtupia ndoano. Nikajiona nikiingia uwanjani nimemshika mkono bibi kizee mwenye kitambaa chekundu kichwani, anayepiga vigelegele. Nikaona aibu. Aibu ya nini, mpaka leo sijui.

Basi, mapumziko Yanga 3, Simba 0. Washikaji wa Yanga wakaanza kuniimbia. Nikasingizia naenda kununua maji, nikatoka moja kwa moja hadi getini, nikazima simu na kupanda daladala.

Usiku nilipoiwasha ikaita hapo hapo. Bibi! Anacheka mpaka anapaliwa. "Mume wangu, umeona? Tatu zote zimerudi!" Nikanyamaza. Mechi ilikuwa imeisha 3-3. Kimya changu akakielewa. "Usiniambie ulitoka!" Akacheka tena, halafu akasema, "Yaani mimi niko Morogoro nimeiona yote, wewe uliyelipa kiingilio umeona nusu. Ungekuwa umekuja na mimi, ningekukalisha chini."

Alisema kwa utani, lakini lile neno lilinichoma kuliko mabao yote matatu. Nikaapa kwamba mwakani lazima.

Mwakani hakufika. Masika ya 2014 aliugua siku nne tu, akatutoka. Msibani wazee walianza kumsimulia kwa huzuni, wakaishia kucheka, kila mmoja na kisa chake cha Bibi Mpira. Mimi nilipewa redio. Nikakuta betri ndani.

Tangu hapo sijawahi kutoka uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho, hata tukifungwa vipi. Na siendi na washikaji tu. Nampeleka mama, ambaye mpaka leo haijui kona wala penalti, lakini kigelegele ni kile kile cha mama yake. Mparachichi unazaa. Tangu 2024 kuna treni ya umeme, Dar hadi Morogoro chini ya saa mbili. Kila nikiipanda kwenda kuusafisha ule uwanja wa nyuma ya nyumba, nawaza jinsi ambavyo angekaa dirishani na kitambaa chake chekundu, akiniuliza kama tumefika.

Wewe ambaye bibi yako yupo, sukari mpelekee, lakini muulize pia alikuwa anacheza nini, anashangilia timu gani, anatamani kuona nini. Akikwambia, usimwambie safari ijayo.