Uvimbe kichwani kwa mtoto mchanga: usiukande, mpeleke hospitali

Mtoto huweza kuzaliwa na uvimbe kichwani kwa sababu ya kubanwa wakati wa kuzaliwa. Huo hupungua wenyewe kwa siku chache, au wiki kadhaa kama ni damu iliyovilia. Wa kutia wasiwasi ni ule unaojitokeza baadaye, mgumu, unaokua wiki hadi wiki.

Upo mmoja wa nadra, ulioelezwa mara ya kwanza na Krompecher mwaka 1918. Huwapata zaidi watoto wasiotimiza mwaka. Mara nyingi huanzia taya la juu, mara chache fuvu la kichwa. Huweza kuwa na rangi ya bluu au nyeusi. Kwa kawaida si saratani, lakini hula mfupa.

Tiba yake kuu ni upasuaji. Baada ya kupiga picha ya kichwa, daktari huuondoa wote pamoja na mfupa ulioguswa, na nyama yake hupimwa maabara. Ukibaki kidogo huweza kurudi, hasa miezi ya mwanzo. Hivyo mtoto arudishwe kliniki kila anapoagizwa, hata kama kidonda kimepona.

Mzazi, usiuchome wala kuuchanja. Kila wiki ya kusubiri huongeza mfupa wa kukatwa.