Nunua bega, mengine yatafumuliwa

Anayechagua shati la mtumba kwa kulitandaza kifuani na kuangalia limefika wapi kiunoni anapima pasipo na shida. Shati refu linakatwa, pana linabanwa, mikono mirefu inafupishwa. Bega ndilo lisilosamehe. Mshono wake ukidondoka vidole viwili chini ya mfupa, kuurudisha ni kung'oa mkono mzima, kuchonga upya kwapa na kuuweka mkono mahali pake, kazi ambayo hata fundi mzoefu huikunjia uso. Kwa hiyo ukiwa gulioni shika mishono miwili ya mabega, ilaze juu ya mabega yako, na ikikaa sawasawa anza kupatana bei. Yanayobaki ni ya kumalizia nyumbani kwa sindano na wembe.

Jambo hili linatuhusu sana watu wa Korogwe na Handeni, kwa sababu nguo nyingi tunazovaa huku zilikatwa kwa ajili ya mtu mwingine. Belo likishafunguliwa, makoti mazito yana wateja wake kule juu Lushoto kwenye baridi. Mashati, magauni na suruali za suti hubaki huku bondeni, au hufuata ile lami ya kilomita 65 kutoka Korogwe hadi Handeni. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kwamba mitumba iondoke sokoni ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuondoa unafuu wa ushuru wa AGOA, Tanzania ikalegeza kamba, na Rwanda iliyokaza ikasimamishiwa unafuu huo kwa upande wa nguo mwaka 2018. Mitumba ikabaki, na suruali za kumeza watu wawili zikabaki nayo.

Mafundi cherehani wapo, tena wazuri, Manundu mjini Korogwe na Chanika mjini Handeni. Tatizo ni kwamba marekebisho hayana faida kwao. Gauni jipya la kitenge lina hela na lina sifa, mvaaji akipita mtaani anaulizwa ameshonewa wapi. Kubana suruali ya mtu kuna hela kidogo, kufumua kwingi, na hakuna atakayeuliza. Ndiyo maana kazi hiyo hukaa chini ya rundo na mwenyewe anaambiwa arudi kesho. Siwalaumu. Ila sioni pia kwa nini mtu mwenye sindano ndani aendelee kurudi kesho.

Tuichukue suruali ya suti, maana ndiyo inayolipa zaidi. Igeuze ndani nje utazame mshono wa nyuma, ule unaoshuka kutoka mkandani hadi makalioni. Kwenye suruali rasmi za kiume aliyeshona mara nyingi huacha akiba ya kitambaa pale, sentimita tatu hivi kila upande, ili mwenye nguo akinenepa ipanuliwe. Hapo ndipo pa kuingilia. Toa kwanza kitanzi cha katikati kinachoshika mkanda. Kwa ncha ya wembe kata uzi mmoja, ruka mitatu, kata mwingine, kisha vuta taratibu. Uzi utatoka mrefu bila kujeruhi kitambaa. Anayeshika pande mbili na kuvuta kwa nguvu atapata tundu, na tundu halina marekebisho.

Ukishafumua, chora mstari mpya kwa kipande cha sabuni kilichokauka. Kinachora vizuri kuliko chaki nyingi za dukani, na alama yake nguo ikifuliwa inaondoka. Mstari uanze mpana kiunoni na ufifie kidogo kidogo hadi ukutane na mshono wa zamani makalioni. Usiushone bado. Piga bandi kwa uzi wa rangi nyingine kabisa, vaa, keti, chuchumaa, panda ngazi kama ipo. Ikikubali, ndipo ushone moja kwa moja. Asiye na cherehani atumie mkono: sindano inasonga mbele, inarudi nyuma nusu hatua, inasonga tena, na mshono huo ukikazwa vizuri hauachii hata kwenye siti ya basi. Kupunguza kuishie kama sentimita tano kwa jumla. Ukizidisha, mifuko ya nyuma inaanza kusalimiana.

Jinsi ina tabia nyingine. Mshono wake wa nyuma umekunjwa na kupigwa mara mbili, akiba hakuna, kwa hiyo kiuno cha jinsi mwachie fundi. Miguu yake lakini ni rahisi. Badala ya kukata pindo, kunja mguu kwa nje, pitisha mshono chini kabisa ya lile pindo la kiwandani, kisha urudishe chini na kuupiga pasi. Pindo la asili linabaki na nyuzi zake za njano na kupauka kwake, na jirani hajui kitu. Tumia sindano nene, namba 16, nyembamba itavunjika.

Wanaoomba miguu ibanwe mpaka iwe modo wajue tu kwamba Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza vita dhidi ya suruali za kubana, pamoja na minisketi na mawigi, marufuku ikaanza Januari 1969. Baadhi ya babu zao ndio waliokimbizwa.

Kuna marekebisho mengine yasiyotajwa kwenye mitindo, nayo ndiyo mengi zaidi huku. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, lakini sare bado ni ya mzazi. Mama mwenye hesabu hushonesha sketi ya tetroni yenye pindo la ndani la sentimita kumi na kuliteremsha kadiri binti anavyorefuka. Ukipita barabarani saa ya kutoka shule utaiona: sketi imepauka kwa jua na sabuni, na chini inazunguka bendi ya bluu iliyoiva, pale kitambaa kilipokuwa kimejificha. Kipande cha bendi hiyo kingeweza kufunikwa kwa kushona kijikunjo chembamba juu yake, na wachache hufanya hivyo. Wengi hawajali, na nadhani wako sahihi. Mtoto amekua, nguo imekua naye.

Jambo moja tu husahaulika: kufua kwanza. Pamba mpya na kitenge hujikunyata majini, na pindo lililokatwa kabla ya kufuliwa litakupandia juu ya kifundo cha mguu. Halafu pima ukiwa umevaa viatu utakavyovalia nguo hiyo, na apime mtu mwingine. Ukiinama mwenyewe, suruali inapanda nawe.

Koti lenye bitana, zipu ya gauni la harusi na hilo bega tulilolianzia, peleka kwa fundi. Ila mwahi Novemba. Januari ni ya sare, na kila cherehani kati ya Mombo na Mkata ina foleni ya wazazi.